Nyumba za Udongo Mbichi

Rumonge, Jumanne, mwezi wa nne. Mvua imekatika alfajiri. Jua limetoka kali, lile jua la katikati ya masika ambalo ukianika nguo huthubutu kwenda mbali.

Leo nimekuwa kiguu na njia. Tangu asubuhi naingia stoo na kutoka, nafunua nailoni, nazitazama nyumba, nazifunika tena. Chai niliiacha mezani mpaka ikapoa kabisa. Nimefagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mama amenipita ukumbini bila kunisemesha, na sababu anayo, nitaieleza.

Keshokutwa gari linakuja kutoka Bujumbura kuchukua nyumba, na mimi bado sijui nitalipakia nini.

Kwa mgeni wa blogu hii: naitwa Nasra, nafinyanga udongo, naishi kwa mama yangu. Duka letu la vitenge liko mbele, nyumba iko nyuma yake, na stoo iliyokuwa ya majora ya vitambaa ndiyo karakana yangu. Nyumba ninazozisema ni za udongo, kila moja ukubwa wa ndoo, zimepangwa juu ya mbao za marehemu baba. Sikuzifinyanga mimi. Zimefinyangwa na wanawake wa kambi ya waliofukuzwa na maji, na kila mmoja amefinyanga ile nyumba yake aliyokuwa nayo kabla ziwa halijapanda.

Mtu wa huku sihitaji kumweleza kuhusu ziwa. Anayesoma kutoka mbali ajue tu kwamba mtaa wa chini, ule niliokuwa nikipita kwenda kununua ndagala, dagaa wetu wa huku, sasa unapitwa na mitumbwi. Mwanzoni watu walisema maji yatarudi. Walipanga matofali, wakapandisha vitanda juu yake, wakaendelea kulala humo. Msimu uliofuata hawakusema kitu. Walipanda mlimani na magodoro, na wenye mabati walirudi kuyang'oa wakiwa wamesimama ndani ya maji mpaka kifuani.

Sasa wazo langu. Lilikuwa zuri, nasema hivyo bila haya, na uzuri wake ndio unaoninyima raha.

Udongo ambao haujapita motoni, ukikauka sawasawa kisha ukautia majini, hauchukui muda. Unatoa povu, kuta zinalegea, halafu kila kitu kinaanguka na kuwa tope. Ukiuchoma, basi, umekuwa kigae, hata ukae ziwani mpaka wajukuu waje. Kwa hiyo nyumba zingebaki mbichi. Zingewekwa ndani ya birika kubwa la kioo kwenye ukumbi wa maonyesho, na siku ya ufunguzi maji yangeingizwa polepole mbele ya wageni. Wageni wangesimama na glasi zao za juisi, wakitazama mtaa mzima ukiisha.

Madame Solange, msimamizi wa maonyesho, alipoona video niliyomtumia ya bakuli langu moja likiyeyuka kwenye beseni, alinipigia siku ileile. Alisema hajawahi kuona kitu kinachosema habari ya ziwa letu hivyo, bila maneno. Nililala nikicheka peke yangu.

Wanawake sikuwaambia. Niliwaambia kwamba nitazipeleka nyumba zao Bujumbura ili watu wazione. Si uongo. Ila ni ukweli niliokata kipande, na kipande kikubwa nikabaki nacho.

Tulifinyanga chini ya shitingi kubwa ya kambi, lile turubai la msaada, mvua ikipiga juu yetu mpaka tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti. Udongo niliununua kwa Batwa wa mlimani, wafinyanzi tangu na tangu. Bonde lao la kuchimbia nalo limejaa maji, kwa hiyo wanachimba mbali na kuubeba kwa mgongo. Siku ya kwanza mwanamke mmoja aliuliza nani ameukanyaga udongo huu, kwa sauti ile tunayoijua, ya watu wanaopikia chungu cha Mtwa lakini hawataki kunywa naye kikombe kimoja. Mama Feza akamwambia kwamba humo kambini maswali hayo yamekwisha, wote wamekanyagwa. Yule akainamisha kichwa, akachukua donge lake.

Mama Feza ni Mbembe wa ng'ambo, wa upande wa Fizi, Kongo. Alivuka ziwa na watoto wakati wa vita, akapanga chumba, akauza mihogo, akajenga, kisha ziwa likamfuata. Rafiki yake mkubwa ni Mama Belise, mwuza ndagala, Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania, akarudi kwao akiwa mke wa mtu, na sasa yumo kambini tena. Hawa wawili ndio waliokuwa wakiongoza kelele. Waligombana kuhusu madirisha. Mama Feza anasema nyumba ya Mama Belise haikuwa na dirisha upande wa barabara, Mama Belise anasema lilikuwepo, ila Mama Feza alikuwa hapiti huko kwa sababu alikuwa na deni la chumvi. Mwingine alifinyanga banda la kuku kabla ya nyumba yenyewe. Mwingine alikaa na donge mkononi siku nzima bila kulifanya kitu, kesho yake akaja akalijenga lote kwa mpigo mmoja, hata kizingiti. Zilipokaza kidogo, Mama Feza na Mama Belise walinisaidia kuzipeleka stoo zikaukie juu ya mbao.

Sijawahi kufanya kazi na watu nikafurahi vile. Na kila jioni nilirudi nyumbani na lile jambo ambalo sijalisema.

Jumapili likasemeka lenyewe.

Nilikwenda kuwaambia habari ya gari. Nikawakuta wamekaa pamoja, wamevaa vizuri, na Mama Feza akaniuliza:

"Dada Nasra, kutaha iko siku gani? Twende bangapi?"

Sikuelewa haraka. Kutaha nyumba, huku kwetu, ni ile siku majirani wanapokuja na vinywaji na zawadi kuingia nyumba mpya ya mtu. Mwenye nyumba anasimama mlangoni, anawapokea, anawaonyesha vyumba, watu wanakunywa, wanasifu hata kama ukuta umepinda. Wanawake hawa walikuwa wamekaa wakafikiri, wakaona kwamba nyumba zao zinapelekwa mjini, zitapangwa mahali pazuri, wakubwa watakuja kuzitazama, kuna juisi na kuna hotuba. Sasa hiyo kama si kutaha ni nini? Walikuwa wameshaazima imvutano, zile nguo za sherehe, za kuvaa. Walikuwa wamechagua wimbo. Mama Belise alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto wa Kiislamu wa dukani mila asiyoijua, kwamba nyumba haitahwi mwenyewe hayupo, ni aibu kwa mgeni na kwa mwenye nyumba.

Ningeweza kunyamaza bado. Nilifikiri kunyamaza, naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuandika. Nilifikiri nitawaambia gari halina nafasi, esansi, yaani petroli, hakuna, mambo ya mjini ni magumu, na wangenielewa kwa sababu esansi kweli hakuna.

Nikawaambia. Nilisema haraka kama mtu anayemeza kwinini. Nyumba hazitachomwa, zitatiwa majini, watu waone.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja alitafsiri kwa Kirundi kwa wale wasiosikia Kiswahili vizuri, na ilibidi nisikie mara ya pili jambo langu mwenyewe, safari hii kwa maneno machache zaidi.

Mama Feza alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchagua.

"Nyumba yangu ilishakufaka na mayi mara moja," akasema. "Nilikuwa peke yangu, hakuna mutu aliniona nikilia. Sasa unataka ikufe tena, na batu bakiangalia?"

Nikaanza kueleza. Kwamba hilo ndilo lengo, waone, wasikie uchungu. Nilisikia sauti yangu ikiongea maneno niliyoyaandika kwa Kifaransa kwenye maombi ya maonyesho. Mama Belise akanikata, bila ukali:

"Na ya kwenu iko wapi, Dada Nasra? Sijaiona kwenye mbao."

Nikamwambia ya kwetu haikuingia maji.

"Basi lete hiyo itangulie."

Kisha wakanipa chai. Hilo ndilo lililoniua. Waliniwekea kikombe, wakanisogezea sukari, na hakuna aliyeniambia neno lingine juu ya nyumba mpaka nikaondoka.

Njiani nilikasirika, na niseme ukweli, nilikasirikia wao. Udongo niliununua mimi. Wazo ni langu. Nani angewajua wanawake wa kambi hii kama si mimi? Nilitembea haraka nikijibizana nao kichwani na nikiwashinda kila mara. Karibu na soko hasira ilikwisha, ikabaki ile hoja ya Mama Belise peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwahi kulala kambini hata usiku mmoja.

Jana nilimpigia Madame Solange. Nilitaka aniambie kitu kibaya ili nimchukie, mambo yawe mepesi. Hakuniambia. Alisikiliza, akapumua, akasema kwa Kiswahili chake cha mjini:

"Nasra, bila maji hizo ni bibelo tu, mapambo ya kabatini. Watu watazisifia, watapiga picha, watakwenda kula."

Na ni kweli. Nimewaona watu hao. Wameziona picha za mafuriko mpaka macho yamezoea, hawashtuki tena. Birika lile lingewashtua. Angalau kwa jioni moja wasingeweza kugeuza uso. Nilikata simu nikiwa nakubaliana na Madame Solange na nakubaliana na Mama Feza, na mtu hawezi kuishi hivyo.

Kwa hiyo nikafinyanga ya kwetu.

Sikujua nafanya nini hasa, mikono ilitaka kazi. Nikaanza na duka, baraza lake, ile nguzo ya pembeni iliyogongwa na lori kabla sijazaliwa. Babu alijenga huku juu, kando ya barabara ya malori, na wenzake wa bandarini walimcheka kwamba anakwenda kuuza vitambaa kwa mbuzi. Hakuona mbele. Alikuwa na ugomvi na ndugu yake na alitaka kukaa mbali naye, hivyo ndivyo mama anavyosimulia. Ugomvi wa ndugu ndio uliotuweka pakavu. Nikafinyanga chumba cha mama, sebule, pipa la maji ya mvua. Nilimaliza kabla ya alasiri, nikaiweka mezani, nikashangaa jinsi ilivyofanana.

Mama aliingia kuniuliza habari ya chumvi. Akaiona. Hakuhitaji kuelezwa ni nyumba gani.

Akauliza ya nini. Nikamwambia yote: wanawake, birika, Mama Belise, kwamba labda na yetu iende pamoja na zao.

Mama si mtu wa uganga. Anasikiliza habari za redio kuliko mimi, anajua ziwa limepanda kiasi gani na watu wa serikali wamesema nini. Lakini aliweka mkono kifuani.

"Unatuchuria, Nasra," akasema. "Watu wanaomba mabaya yapite, wewe unayatengenezea nyumba. Isiingie majini hiyo. Sitaki."

Tangu hapo hanisemeshi. Chakula ananiwekea, jina langu halitaji.

Usingizi umenikataa, na tangu asubuhi nazunguka na jambo hili hili. Mama yuko pakavu. Ana paa, ana kitanda chake, ana kuta, na bado hakuweza kuvumilia donge la udongo lenye sura ya nyumba yake kutiwa majini. Na mimi niliwaomba wale ambao walikwisha kuyaona maji kwa macho yao. Sikuwaomba, hata. Nilipanga tu.

Naacha hapa. Jua bado lipo, na nikikaa humu ndani zaidi nitapasuka mimi kabla ya udongo. Nakwenda kambini.

*

Nimerudi. Alasiri imepita. Nywele zinanuka moshi na nimeungua kidole.

Nilipofika sikuwa na hotuba. Niliwaambia mvua imetupa nafasi leo, njooni mchukue nyumba zenu tukazichome. Mama Belise akauliza, na watu wa Bujumbura je? Nikasema sijui. Hawakupiga vigelegele, hawakunikumbatia. Mama Feza alitazama mawingu ya upande wa Kongo, akasema kama ni leo basi ni sasa, akainuka.

Walikuja wote mpaka dukani. Nilikuwa nimewaza mkokoteni, lakini nyumba kavu ambayo haijachomwa haitaki mtikisiko, na barabara yetu mnaijua. Kila mmoja akakunja kata ya kitenge, akaiweka kichwani, nikampandishia nyumba yake. Wakatoka stoo mmoja mmoja, wakapita barazani, wakashika barabara na nyumba zao juu ya vichwa, shingo zimenyooka. Watu walitoka madukani. Mwendesha taxi-velo, baiskeli ya abiria, alisimama akauliza kama na viwanja vinauzwa, Mama Belise akamjibu kwamba viwanja vipo, ajue kuogelea tu.

Mama alikuwa mlangoni mwa duka na mkasi wake wa kukatia vitenge. Wengi wa wanawake wale anawajua, ni wateja, walikuwa wakija kununua nguo za sikukuu wakati bado wana nyumba. Alisogeza benchi ili wapite na mizigo, akabaki amelishika benchi lile mpaka wa mwisho alipopita.

Tulichomea kwenye uwanja ulio kando ya mashine ya kukamulia mawese, kwa sababu mwenye mashine alituruhusu kuchukua mashada matupu ya michikichi na maganda. Maganda ya michikichi yana mafuta bado, yanashika moto vizuri na yanakaa. Unapasha nyumba joto kwanza, polepole, na moto wa mbali, ili unyevu uliojificha utoke. Kisha unazifunika kwa majani na mashada, unawasha, na baada ya hapo huna la kufanya ila kusikiliza. Ukisikia mlio wa kupasuka, kuna nyumba ya mtu imekwenda.

Tulisikia mlio mmoja. Kila mwanamke aliuangalia moto kama umemwita jina.

Majivu yalipopoa kiasi, tukaanza kuzitoa kwa miti mirefu. Zilikuwa nyekundu, nyingine na doa jeusi pale moshi ulipozikumbatia. Iliyopasuka ilikuwa ya yule mwanamke aliyekaa na donge siku nzima. Nilitaka kumwambia tutafinyanga nyingine. Aliokota vigae vyake vyote, akavifunga kwenye kitenge, akasema kwa Kirundi kwamba ataipeleka hivyo hivyo, kwamba yake inasema ukweli. Ya Mama Feza ilitoka nzima ila ukuta wa pembeni ulikuwa na ufa. Akauzungusha mkono juu yake.

"Achia," akaniambia, alipoona uso wangu. "Ata ile ya kweli ilikuwa na ufa apo apo."

Hapo ndipo watu walicheka, na mimi nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Nilimpigia Madame Solange nikiwa bado uwanjani, kabla ujasiri haujanitoka. Nikamwambia nyumba zimechomwa, hazitayeyuka tena hata akizimwagia ziwa zima. Akaniambia nimemharibia kazi, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikamwambia birika lisiondolewe. Kuna moja itakayoingia.

"Moja tu?"

"Moja."

"Ya nani?"

"Ya kwetu."

Na zile nyingine zitawekwa juu, pakavu, kulizunguka birika, na wenyewe watasimama karibu nazo, wawapokee wageni. Sikuwa nimelipanga hilo, lilinitoka mdomoni wakati nasema, na nilipolisikia nikajua nalitaka. Alikata simu. Baadaye alinitumia ujumbe: gari linakuja, mengine tutaona. Mama Feza na Mama Belise wala hawakusubiri ujumbe huo, walikuwa wanabishana nani akae dirishani.

Wenzao hawatatosha garini. Hilo nalo linanikera na sina dawa yake.

*

Baada ya magharibi.

Nimeandika hapo juu kwa kujigamba kidogo kwamba itaingia ya kwetu. Lakini nyumba si yangu. Ni ya mama, na mama alisema sitaki. Nikiificha kwenye kitambaa, nikaipakia garini, nitakuwa nimemfanyia mama yangu yale yale niliyowafanyia wale, na safari hii nikiwa najua.

Nilizunguka uani. Nilichota maji ambayo hayakuhitajika. Mwisho nilikwenda kukaa stoo mbele ya ile nyumba, bado laini, ukiibonyeza inashika alama ya kidole, ikienda itamalizia kukauka Bujumbura kabla ya ufunguzi, nikamngoja atoke kwenye mswala.

Aliingia mwenyewe. Nikamwambia kabla hajakaa. Kwamba za wanawake zimechomwa zote, zitabaki salama. Kwamba nataka ya kwetu iingie majini peke yake, watu waone nyumba ya mtu ambaye bado anayo. Kwamba akikataa naibomoa sasa hivi mbele yake, udongo urudi kwenye ndoo, na sitamlaumu.

Nilitegemea neno la kuchuria tena. Nilitegemea pia aniulize watu wa mji watasema nini.

Mama alivuta kigoda akakaa. Aliitazama nyumba muda mrefu. Aligusa nguzo iliyogongwa na lori. Alichungulia chumbani kwake. Tangu maji yafike mtaa ulio chini yetu hatujawahi kuzungumza, mimi na yeye, tutakwenda wapi. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze, nadhani, au mimi nilikuwa najidanganya kwamba yeye hafikirii. Kisha akaigeuza nyumba, polepole, kwa mikono miwili, mpaka mgongo wake ukamwelekea.

"Mlango wa uani uko wapi?"

Nikamwambia sikuuweka. Nilidhani wageni wataitazama kwa mbele.

"Maji yakiingia kwa mbele," mama akasema, "watu watokee wapi?"

Akanyoosha mkono nimpe kisu. Nikampa. Akaupima ukuta kwa shibiri, midomo ikihesabu, kama anavyopima kitenge cha mteja, akaanza kukata. Aliukata mlango mpana kuliko ule wa kweli, mpana sana, na mimi nikalowesha kidole nikamlainishia kingo.